Wazazi Wawili

Mama mkwe aliichomoa feni chumbani kwa mkamwana wake, akaibeba hadi sebuleni kwa Bonge.

"Wewe pua unayo, unapumua," alisema. "Mwenzio yake imebonyea. Joto likizidi kidogo tu, tumempoteza."

Bonge alikuwa buldogi, jike la miraba minne, uso mikunjo mitupu. Mimba yake na ya mkamwana zilikuwa ukingoni pamoja. Kila asubuhi mkamwana, tumbo mbele, alipiga magoti kumfuta ile mikunjo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha kwa kitambaa kikavu, maana unyevu ukibaki ngozi huchubuka na kunuka. Alimpikia, akamchana manyoya, akavumilia mikoromo yake iliyotikisa vikombe kabatini. Mumewe alifanya kazi mbali. Kila akipiga simu, neno lake lilikuwa moja: "Vumilia. Ni mama yangu."

Mkamwana alikuwa akianika nguo uchungu ulipomkata kiuno. Aliingia ndani akishika kuta. Alimkuta Bonge naye anahema, anaparua zulia, na mama mkwe anatafuta funguo za gari.

"Mama, twende. Wakati umefika."

"Naona. Shika miguu ya nyuma, tumwingize garini."

"Mama, ni mimi."

Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyekatizwa maneno.

"Wewe Mungu kakupa nyonga. Hawa watoto wao vichwa kama vibuyu, na njia finyu. Bila kisu hazai huyu. Wanawake wamezaa tangu dunia ni dunia. Nikimfikisha kwa daktari wake, nakurudia."

Na mkamwana, meno yameumana, aliishika ile miguu ya nyuma. Alisaidia kumpakia.

Mama mkwe hakurudi upesi. Mkamwana alijifungua peke yake kwenye sakafu ya bafu, akiuma taulo. Jirani yao, fundi cherehani, aliposikia ukimya baada ya miguno alivunja kitasa akaingia. Mtoto alikuwa wa kike, kamili kila kiungo, kitovu kimemzonga shingoni. Hakulia.

Mume alikuja, akazika, akasema lile neno lake, akarudi kazini.

Mama mkwe naye alilia. Tena alilia mpaka watu wakamshika mikono, wakamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Fundi cherehani peke yake hakumshika. Alisimama kando, mikono nyuma.

Watu walipotawanyika, mkamwana alilala ameelekea ukutani. Hakula. Akawa anawaza jinsi ya kuichukia ile nyumba, akaona hata kuchukia kunahitaji nguvu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe aliingia na bakuli la supu.

"Amka, mwanangu, unywe."

Tangu aolewe hakuwahi kuitwa mwanangu. Aligeuka polepole. Mama mkwe alimwekea mto mgongoni, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akimpulizia isimchome. Akamfuta jasho. Akamtandikia shuka safi bila kumwinua, kama wauguzi wanavyofanya.

"Maziwa yameingia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkamwana akaitikia kwa kichwa. Kifua kilikuwa kimejaa kama jiwe, gauni limelowa mbele.

"Yanamwagika bure, Mama," alisema, na hapo kilio alichokuwa amekifungia kikatoka chote.

Mama mkwe alimvuta, akamlaza begani, akampapasa mgongo. "Nyamaza, mama. Nyamaza. Nani kasema yatamwagika bure? Mimi nipo."

Mkamwana alimng'ang'ania. Alifikiri: kumbe na yeye ni mzazi. Kumbe msiba humlainisha mtu. Alilia mpaka akapata wepesi, na supu ikamkaa tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akahisi huenda ataishi.

Mama mkwe alimlaza vizuri, akatoka kwa kunyata. Akarudi na kikapu kilichofunikwa blanketi, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kumfungua vifungo vya gauni.

"Bonge kisu kimemkausha, hana hata tone," alisema. "Wako wanne. Anza na huyu mdogo."