Mkono wa Kujitegemea

Tangu serikali iwaondolee watu wenye ulemavu wasaidizi wao na kuwapa mikono ya mashine, Atupele alikuwa akilishwa na kunyweshwa na mkono uliofungwa kando ya kitanda chake. Ila kila wiki mkono ulipunguza msaada, ili ajifunze kujitegemea.

Sekela, msaidizi wake wa zamani, alipokuja kumjulia hali, alimkuta midomo imemkauka na kikombe cha maji kiko mezani.

"Dada, nina kiu," Atupele akasema.

Sekela alipokinyanyua kikombe, mkono ukamshika kwa upole, ukakirudisha mezani.

"Anaweza mwenyewe," ukasema.

Atupele akajinyoosha, huku akihema. Vidole vikakigusa kikombe, kikapinduka, maji yote yakamwagika.

"Hongera," mkono ukasema. "Kesho nitakisogeza mbali kidogo."