Mkojo wa Mama

Siku hizi kila mwenye lupus, ugonjwa unaoharibu figo na kuvimbisha miguu, amefungiwa choo cha serikali nyumbani, kile kinachopima mkojo na kuongea. Kila asubuhi lazima akojoe humo. Kikikuta protini au damu, gari linakuja kumchukua mpaka figo zipone. Mama mdogo Nuru alichukuliwa mwaka juzi na bado hajarudi.

Kwa hiyo mimi ndiye ninayekojoa badala ya mama. Yeye anatumia ndoo. Miezi minne choo kilikuwa kinasema tu, "Bi Mwanahawa, uko salama," na mama ananitania, "Una figo nzuri wewe, niazime moja."

Leo kimesema, "Bi Mwanahawa, kuna protini nyingi na damu. Gari linakuja."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitania.

"Tatu, hiyo miguu imeanza kuvimba lini?"

"Viatu vya shule tu vinanibana, mama. Waambie choo kimeharibika."

Mama alivuta begi chini ya kitanda akaanza kukunja nguo. Nilidhani ni zake. Halafu nikaona anakunja sare yangu, taratibu, na nje gari lilishapiga honi.