Mpira wa Mwisho Blacktown

Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka wenyewe. Niliutazama kwa mshangao, kama mkono wa mtu mwingine.

Ilikuwa fainali ya besiboli ya vyuo, huku ugenini Blacktown, mwisho wa kiangazi. Mpigaji wao akikosa mpira mmoja tu, kombe letu. Lakini kocha alikuwa ameshasimama kwenye benchi, akivuta barakoa juu ya pua, tayari kuja kunitoa mimi, mrushaji.

Niyongabo, mdakaji wetu, alinikimbilia kwanza. Pale uwanjani sisi wawili tu ndio tuliojua Kiswahili, kwa hiyo hatukunong'ona.

"We Mkenya, mkono imekufa?"

"Utakufa wewe kwanza."

"Basi mwambie kocha hivyo. Anakuja."

Nilitaka kulamba vidole, nikakumbuka siku hizi za korona ni marufuku. Nikavifuta kwenye kitambaa kibichi mfukoni. Ndipo nikamwona mpigaji. Alikuwa ameliegemea gongo lake kama mkongojo, na goti lake la kushoto lilitetemeka sawasawa na mkono wangu.

Kumbe naye! Mtu aliyechoka hivi, anaweza kuusubiri mpira kweli?

"Rudi ukadake," nikamwambia Niyongabo. "Mwonyeshe kocha kidole gumba."

Mpigaji akainua gongo. Mimi, ambaye sijawahi kumrushia mpira wa polepole hata mtoto, nikazungusha mkono kwa hasira zote, kisha nikauachia mpira taratibu.

Gongo lilikuwa limeshapita. Mpira ulikuwa bado unakuja.