Tangazo la Sylvester

Wewe umewahi kumwona mfiwa anayeomba redio izimwe wakati marehemu wake anatajwa? Gaudensia aliomba hivyo asubuhi ya siku ya tatu ya msiba, pale uani kwake, mtaa wa Cheyo, wanawake wa jumuiya ya kanisani wakiwa wameketi mikekani wanachambua mchele.

"Izimeni, jamani."

Hakuna aliyeizima. Mtangazaji akamalizia: Sylvester Luhende, aliyefariki machimboni na kuzikwa huko huko; habari ziwafikie ndugu wa Bukene na popote walipo; rambirambi zitumwe kwa namba ya mke wake.

"Nani kalipeleka tangazo hilo?" Gaudensia aliuliza.

"Mimi," alisema mama Advera, mwenyekiti wa jumuiya. "Nimelilipia mwenyewe. Ulisema hana ndugu. Mnyamwezi gani hana ndugu, mwanangu?"

Mama Advera alikuwa na jambo likimuuma moyoni. Mwezi uliopita Gaudensia alisimama mbele ya jumuiya, pindo la khanga kalisokota mkononi, akaomba asaidiwe kodi ya miezi sita, laki mbili na arobaini, asije akatolewa nje na mtoto. Mume alikuwa ameondoka kwenda machimboni, mwaka wa pili huo, hata salamu hakuna. Mama Advera ndiye aliyemjibu: "Mfuko huu ni wa msiba. Tukianza na kodi, tutamlipia nani tumwache nani?"

Sasa msiba ulikuwa umekuja, na mfuko ungefunguliwa jioni ile, wakati wa kuanua matanga. Hata mzee Awadhi, mwenye nyumba, alileta kilo tano za mchele. "Kufuli langu liko mfukoni," alimwambia mfiwa kwa upole. "Litakaa humo mpaka matanga yaanuliwe."

Gaudensia alibaki mkekani, kichwa kimefunikwa, hali wala hanywi. Mwanawe, Julieth, alikuwa amempeleka kwa bibi yake, kijijini Isikizya, kabla watu hawajajaa. "Sitaki mtoto alie bure," alisema, na wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma.

Adhuhuri aliingia mtani wao, fundi viatu Mgogo, koti kalivaa ndani nje, akajilaza katikati ya uwanja kama maiti.

"Wanyamwezi mmedanganywa," alisema, macho kayafumba. "Huyu hajafa. Anakwepa kodi."

Watu walicheka hadi machozi, wakamtupia sarafu. Gaudensia akaivuta khanga ikamfunika hadi kidevuni.

Saa kumi alasiri mama Advera alivaa miwani, akachukua simu ya mfiwa na kuanza kusoma rambirambi zilizotumwa, kwa sauti, ili kila aliyetoa ajulikane katoa.

"Najiat, elfu tano. Consolatha wa Bukene, elfu kumi." Simu ikalia mlio wa meseji. "Na hii imeingia sasa hivi. Laki mbili na arobaini."

Watu wakaguna. Mzee Awadhi akainua kichwa.

"Imetoka kwa..."

Mama Advera akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Sylvester Luhende," alisoma polepole.

Wali ulisikika ukitokota jikoni. Simu ikaita. Mama Advera akagusa kioo, na sauti ikatoka kwenye spika, wote wakaisikia.

"Mama Julieth." Nyuma ya sauti ile treni ilipiga honi. "Niko stesheni, hapa Bukene. Tiketi nilishakata. Hiyo ya kodi uliyoniandikia nilikuwa naileta mwenyewe, ndipo tangazo likanikuta."

Honi ikalia tena.

"Kama umeshanizika, siji. Ila nilitaka kurudi nyumbani."