Mteremko Usio na Fito

Kiangazi kile jua liliipiga barafu ya mlimani mpaka ikalainika kama uji. Kila ufito mwekundu aliouchomeka Kocha Dafa kuonyesha njia ya mbio uliinama, ukalala.

"Basi, tushuke," alisema. "Bila fito hakuna mchujo."

Zuhena alikuwa ameshafunga mbao zake za kuteleza thelujini. Timu ingechaguliwa siku ile tu, nayo barafu ile, kila mtu alijua, isingefika mwaka mwingine.

Shangazi yake, Bi Mize, alikuwa amepanda na wenzake kuifunika barafu kwa mablanketi meupe isiishe. Akalitua blanketi lake, akaokota ufito, akaukumbatia, akazama hadi magotini katika theluji ya majimaji.

"Mimi huyu siinami. Shika saa yako, kocha."

"Bi Mize, atakugonga!"

"Kwani hana macho?"

Wanawake wenzake wakaangua kicheko, wakateremka mmoja mmoja, kila mmoja na ufito wake, mpaka fito za njia nzima zikasimama tena.

"Njoo, mwanangu!"

Zuhena akamtazama shangazi, wa kwanza mteremkoni, kidevu juu, maji yakimwingia viatuni. Akajisukuma kuelekea kwake.