Kovu la Meno

Bwana alipovua glavu ili achorwe, brashi nusura imponyoke Remedios. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu la meno, lenye pengo katikati.

Wakati wa vita, hapa hapa mjini Zaragoza, mtu aliyefunika uso alimburuta baba yake Remedios, na baba hakuonekana tena. Mama yake, mwenye pengo, alimng'ata mtu huyo mkono.

"Mbwa aliniuma," bwana alisema akicheka. "Usilichore."

"Sawa, señor."

Hata hivyo Remedios alilichora, jino baada ya jino, na pengo lake.

"Mbona unatetemeka, binti?"

"Baridi tu, señor."

Bwana aliinuka, akaja kuitazama picha. Macho yake yalitua kwenye lile pengo.

"Mama yako," aliuliza kwa upole, "bado yu hai?"