Kidole Kilichoachwa

Tangu Ijumaa Zuwena hakutulia: kaogelea, kadarizi mito, kacheza kwenye sherehe mbili. Aliogopa kutulia, maana kila alipotulia alisikia harufu ya wodi ya hospitali. Jumapili alasiri, harusini kwa jirani, shoga yake Salhina alikuwa akimpaka hina huku bendi ikijaribu vipaza sauti uani.

"Hiki cha shahada kiache," Zuwena alisema, akakikunja.

"We! Utaonekana kituko, shoga."

"Kesho hospitali watakibana kwa kidude cha kupimia pumzi wakinipasua. Wamesema kucha isiwe na rangi."

Salhina akauachia mkono wake. "Wakupasue nini, Zuwena?"

Ngoma zikalipuka. Zuwena alikuwa ameshaingia kati ya wachezaji, anacheza mikono juu, vidole vingine vyote vimejaa hina mbichi, kile kimoja kitupu.